Mjane aliyejiozesha kwa siri



Mwezi wa Shaaban uliopita alikuja dukani kwangu mama mmoja wa makamo, mjane, kafiwa na mumewe miaka minne nyuma. Akataka nimshonee gauni. Nikamuuliza la shughuli gani, akanambia la kawaida tu. Nikamtandazia vitambaa. Akawa anashika vile vyeupe na vya krimu, anavipapasa, kisha anavirudisha. Mwisho akaniinamia sikioni: "Ni la harusi mwanangu, lakini lisionekane la harusi."

Kumbe kaposwa na mtu wa heshima zake, na yeye karidhia. Ila kaka zake hawataki kusikia. Wanasema mwanamke mwenye wajukuu anatafuta mume wa nini, na kwamba atawatia aibu. Yeye anajua kuna jengine halisemwi. Ana nyumba yake, ana kiduka chake, na kaka mmoja ndiye anayekusanya kodi.

Wiki ileile alikuja kuchukua nguo zake mwalimu mmoja wa Kiingereza, mteja wangu wa siku nyingi. Bila ya kumtaja mtu, nikamwambia leo nimepewa kazi ngumu, gauni la harusi lisilojulikana kuwa ni la harusi. Akacheka, akasema kuna gauni maarufu linalofanana na hilo kwenye mchezo wa kuigiza ulioandikwa London miaka 400 iliyopita. Akaniletea kitabu, akakaa na mie jioni mbili akinisomea na kunifasiria. Mie nimeishia form four, kisha nikenda kusoma ushoni, na michezo ya Kizungu niliijua kwa Mabepari wa Venisi tu, ile ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere ikachapwa 1969. Lakini hii nyengine ilinikosesha usingizi. Ndiyo nimesema leo niwaletee.

Mwanamke wa kweli nyuma ya hadithi

Mchezo unaitwa The Duchess of Malfi, lakini kwanza tumjue mwanamke mwenyewe, maana alikuwa mtu kweli. Jina lake Giovanna d'Aragona, na damu yake ni ya wafalme wa Napoli, kusini mwa Italia. Mwaka 1490, akiwa na miaka kama 12, aliozwa kwa Alfonso Piccolomini, ambaye baadaye akawa mtawala wa Amalfi, mji wa pwani uliobanana baina ya mlima na bahari. Mumewe akafariki 1498. Giovanna akabaki mjane mwenye miaka 20 hivi, na mimba tumboni. Mtoto akazaliwa mwaka uliofuata, mwanamme, akarithi cheo cha baba yake angali kichanga, na mama akatawala kwa niaba yake.

Hebu mfikirieni. Kaozwa mtoto, kawa mjane kabla hajapevuka vizuri, na sasa ana mji mkononi. Nyumbani mwake alikuwa na msimamizi wa mali aitwaye Antonio Bologna, mtu msomi na muungwana, lakini si wa daraja lake. Wakapendana na wakaoana kwa siri. Wakazaa, na watoto wakafichwa.

Giovanna alikuwa na kaka aitwaye Luigi, Kadinali wa Kanisa, mtu mkubwa Roma. Habari zilipoanza kuvuja, Antonio akaondoka na watoto akenda Ancona. Mwishoni mwa 1510 Giovanna akatangaza kwamba anakwenda kuzuru mahali patakatifu pa Loreto. Akatoka Amalfi na msafara mkubwa wa watumishi, akazuru, kisha badala ya kurudi akaelekea Ancona kwa mumewe. Huko ndiko alikosema hadharani kwamba huyu ni mume wangu na hawa ni wanangu.

Hawakukaa kwa raha. Wakafukuzwa mji hadi mji. Walipokuwa njiani wakaandamwa na wapanda farasi. Antonio na mtoto mkubwa wakaponyoka hadi Milan. Giovanna, watoto wake wawili na mjakazi wake wakakamatwa na kurudishwa Amalfi, na baada ya hapo hakuna aliyewaona tena. Juu ya mlima unaoutazama mji ule pana mnara mkongwe, na masimulizi ya wenyeji yanasema humo ndimo walimofungwa. Antonio naye aliuliwa barabarani Milan mwaka 1513.

Habari hizi aliziandika Mtaliana Matteo Bandello, zikachapwa 1554. Mfaransa mmoja akazichukua na kuzirefusha, na Mwingereza William Painter akazitia kwenye kitabu chake mwaka 1567. Kila zilipopita mkono mpya, zilizidi kuwa onyo kwa wanawake. Painter anamlaumu Giovanna kwa matamanio, anawaambia wasomaji tazameni mwisho wa mjane asiyejizuia. Kwa ufupi, mwanamke kauliwa, na kitabu kinamtia yeye hatiani.

Mwana wa chama cha mafundi nguo

Sasa tuingie London. John Webster alikuwa mwana wa mtengeneza magari ya farasi, na familia yao ilikuwa ndani ya chama kikongwe cha mafundi na wafanyabiashara wa nguo cha mji ule. Sisi mafundi tuna haki ya kujivunia kidogo hapo. Kabla ya kumalizika 1614 mchezo wake ulikuwa umeshaoneshwa, kwenye ukumbi wa ndani wa Blackfriars unaowashwa mishumaa, na kwenye Globe, kiwanja cha wazi. Ulichapwa kuwa kitabu 1623. Yote hiyo ilichezwa na wanaume, na wanawake waliigizwa na vijana wa kiume waliovishwa magauni. Waingereza hawakuzoea kumuona mwanamke kwenye jukwaa la biashara hadi 1660.

Mchezo wa aina hii kwa Kiswahili huitwa tanzia, neno lilelile tunalotumia kutangaza msiba. Na huu ni msiba kweli.

Mwanzoni kaka wawili wanamuaga dada yao. Mmoja Kadinali, mwengine Ferdinand, pacha wake. Wanamkataza asiolewe tena, wanampokezana maneno, huyu akinyamaza huyu anaendelea. Yeye anawajibu kwa upole kwamba hataolewa. Wanapoondoka tu anamwita Antonio. Kwa kisingizio kwamba jicho lake limewiva, anamvua pete yake ya ndoa na kumvisha yeye, ati pete ni dawa ya macho. Ndiyo posa hiyo! Anaeleza uchungu wa wanawake wa daraja lake, kwamba wanalazimika kuposa wao kwa sababu hakuna anayethubutu kuwaposa. Mjakazi wake Cariola kafichwa nyuma ya pazia, ndiye shahidi peke yake. Wanatamkiana kwamba ni mke na mume, kwisha.

Watazamaji wa London walilielewa jambo lile. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamme na mwanamke wakitamkiana kwa hiari kwamba wanaoana sasa hivi, ndoa ilikuwa imefunga, ingawa Kanisa lilikasirika. Haikubadilishwa mpaka sheria ya 1753. Kwa hiyo yule bibi hakuzini. Alikuwa mke wa mtu. Lakini ndoa isiyojulikana haina wa kuitetea, na udhaifu huo ndio uliomponza.

Na sasa gauni. Kaka zake wamempandikizia mpelelezi nyumbani, jina lake Bosola. Bosola anaona bibi amebadilika, anatapika, na anavaa gauni pana lililoachia kiunoni wakati fasheni ya siku zile ni kubana. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu, kwa sababu fundi yeyote angemjua kwa hilo hilo. Mteja akikwambia punguza mishono ya kiunoni, unaelewa. Bosola anamletea zawadi ya aprikoti mbichi, matunda madogo ya rangi ya machungwa. Bibi anazila kwa pupa ya mwenye mimba, na usiku ule uchungu unamshika.

Kwa nini mjane ndiye aliyeogopwa

Nilimuuliza mwalimu, kaka wanafaidika na nini kumzuia dada yao? Akanieleza sheria, na hapo picha ikanikaa sawa.

Uingereza ya Shakespeare na Webster, msichana alikuwa chini ya baba. Akiolewa, kisheria alifunikwa na mumewe kama vile hayupo. Pesa zake, vyombo vyake, hata nguo zake zikawa za mume. Ardhi yake ilisimamiwa na mume. Hakuweza kushitaki peke yake wala kuandika wasia bila ya ruhusa. Hali hiyo haikuvunjwa sawasawa mpaka sheria za 1870 na 1882.

Mjane ndiye aliyetoka kwenye kifuniko kile. Alipata sehemu ya ardhi ya marehemu ya kutumia maisha yake yote, kwa kawaida thuluthi. Aliweza kuendesha biashara, kushitaki, kuandika wasia. Kwa hiyo kwenye mitaa ya London mwanamke aliyejimiliki mara nyingi alikuwa mjane. Na ndiye aliyechekwa zaidi kwenye michezo, ati mjane ana tamaa, mjane hatosheki. Mtu anayeogopwa hutafutiwa kasoro.

Webster hakukubali kumcheka. Amempa bibi yule akili, mzaha, hamu ya kula, mapenzi ya watoto. Halafu mwisho, baada ya Ferdinand kuamuru dada yake auliwe na kuiona maiti, anakiri mwenyewe kwamba alitarajia dada angebaki mjane ili yeye apate utajiri mkubwa atakapokufa. Kabla ya hapo miaka chungu nzima ilikuwa heshima, damu yetu, jina la ukoo. Sisemi mali ndiyo sababu pekee, maana hasira ya yule kaka ina ugonjwa ndani yake, na mwisho anapata wazimu. Lakini neno heshima lilifunika mengi, na Webster amelifunua mbele ya watu.

Wasichana nao, na wake za watu

Msidhani ni wajane tu. Kwenye Romeo and Juliet ya Shakespeare, Juliet hajatimiza miaka 14 baba yake anapompangia mume. Anapokataa, baba anamtishia kumtupa nje afe njaa barabarani. Naye ameshaolewa kwa siri. Watu hudhani zama zile wasichana wote wa Uingereza waliolewa watoto. Sivyo. Wasichana wa kawaida waliolewa wakiwa na miaka kama 25, kwa sababu ilibidi wafanye kazi waweke akiba kwanza. Kuoza watoto ilikuwa zaidi desturi ya wenye mali na vyeo, ambao ndoa kwao ilikuwa mkataba wa ardhi. Giovanna aliozwa na miaka 12 kwa sababu alikuwa binti wa wakubwa.

Kwenye Othello, iliyochezwa mbele ya mfalme mwaka 1604, Desdemona anatoroka usiku kuolewa na jemadari mweusi. Baba yake hawezi kuamini kwamba binti kachagua mwenyewe, anasema lazima karogwa. Akishindwa mbele ya baraza, anamuachia mkwewe sumu moja: aliyemdanganya baba ataweza kumdanganya mume. Sumu ile ndiyo Iago anayokuja kuitumia. Yaani ule ushujaa wa kujichagulia mume unageuzwa kuwa ushahidi wa uhaini. Desdemona anauliwa kitandani mwake bila ya kosa, na Emilia, mke wa Iago, anauliwa na mumewe kwa sababu kakataa kunyamaza.

Tazameni ukoo wa hadithi hizi. Juliet, Desdemona na bibi wa Malfi, wote watatu walioa kwa siri. Wote waliona mlango wa mbele umefungwa wakapita wa nyuma. Kisha kule kupita mlango wa nyuma kukatumika kuwahukumu, na aliyefunga mlango wa mbele hakuulizwa kitu.

Mwanamke aliyeshika kalamu

Katika wanaume wote hawa yupo mwanamke mmoja ambaye nimempenda sana. Elizabeth Cary alizaliwa 1585, akaolewa 1602 kwa mpango wa wazee, akazaa watoto 11. Mwaka 1613 ulichapwa mchezo wake, The Tragedy of Mariam, wa kwanza kwa Kiingereza kubuniwa na mwanamke na kuchapwa.

Mariam wake ni mke wa Herode, mfalme wa Wayahudi. Kosa lake ni kusema anachokiona. Mumewe alimuulia ndugu yake na babu yake, naye hawezi kujifanya ana furaha anaporudi. Waimbaji wa mchezo wanatoa kauli ya zama zile, kwamba mke mwema humpa mumewe hata fikra zake. Mariam anakatwa kichwa. Ndani ya mchezo huohuo Salome, dada wa Herode, anauliza kwa nini talaka iwe ya wanaume tu. Cary amemfanya Salome mwanamke mbaya, lakini swali amemuachia alitamke.

Maisha yakaja kumpitisha mwandishi mahali hapohapo. Mwaka 1626 alipobadilisha madhehebu akawa Mkatoliki, mumewe alimkatia matumizi na akatenganishwa na watoto. Ikabidi baraza la mfalme liingilie ili apewe cha kulia.

Sisi tunasemaje

Najua baadhi yenu mnasema, alhamdulillahi, dini yetu ilishatatua haya. Ni kweli, na nashukuru kwa hilo. Mali ya mwanamke wa Kiislamu ni yake kabla ya ndoa na baada ya ndoa. Mahari ni yake. Eda ya mjane, miezi 4 na siku 10, ikimalizika, Qur'ani katika Suratul Baqara inatwambia hapana lawama kwa anayojifanyia kwa wema. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi mjane anahitaji walii, lakini haozwi bila ya idhini yake ya wazi. Na walii akikataa bila ya sababu ya kisheria, upo mlango wa kadhi. Bibi wa Malfi hakuwa na mlango kama huo.

Lakini dada zangu, haki iliyo kitabuni na haki iliyo sebuleni ni vitu viwili. Mteja wangu anazo haki zote hizo, na bado alikuja kuninong'oneza dukani kama mwizi. Hakumuogopa Mungu katika jambo lile, maana halina haramu. Aliwaogopa kaka zake na midomo ya mtaa, na midomo ile mingi ni yetu sisi wanawake. Sisi ndio wa kwanza kusema "kizuka kashindwa kuvumilia."

Kuna sehemu moja ya mchezo sikuweza kuisoma mara ya pili. Bibi ameshaletewa kamba ya kumnyonga. Anamgeukia Cariola, anamwagiza ampe mtoto wake wa kiume dawa ya kifua, na wa kike amkumbushe kusali kabla ya kulala. Hajui, au hataki kujua, kwamba watoto nao wameshahukumiwa. Halafu anapiga magoti mwenyewe. Hapo cheo hakimo tena, ni mama tu anayepanga mambo ya nyumba kabla ya kutoka.

Nilimshonea mteja wangu. Nilichagua hariri ya rangi ya krimu iliyofifia, mikono mirefu, tarizi ndogo kifuani ya uzi wa rangi ileile, isiyoonekana mpaka ukaribie. Alipokuja kujaribisha nikamwambia, mama, gauni hili litakusitiri, lakini lisiwe la kujifichia. Nenda kwa kadhi, jambo lako liwe wazi, liwe na mashahidi na watu wale pilau. Akatazama kioo kwa muda, hakunijibu. Siku ya pili akanipigia simu, akauliza kama naweza kuongeza nyuzi za dhahabu kwenye zile tarizi.

Nikaziongeza bure.

Kama una mama, shangazi au dada mjane nyumbani, mwulize wiki hii kwa upole anataka nini yeye. Na Allah atujaalie tuwe wenye kufungua milango, si wa kuifunga. Amin.